Kutoka Lugalo hadi Mlambalasi: siku nne na Kobe

SIKU YA KWANZA: Dar es Salaam – Mikumi

Tuliondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, malori hayajaijaza barabara ya Morogoro. Tuko wanne: mume wangu kwenye usukani, kijana wetu wa miaka 11, mimi, na Baba yangu mzazi, mzee wa miaka 77, ambaye alikamata kiti cha mbele na hakukibandua mpaka jioni.

Gari lenyewe ni Coaster kuukuu iliyochoka kubeba abiria. Mume wangu aling'oa viti vya nyuma vyote, akaweka vitanda vya mbao, jiko la gesi, tangi la maji la lita 100 na sola juu ya paa. Ilimchukua mwaka mzima, jumamosi kwa jumamosi. Tumempa jina la Kobe kwa kuwa anatembea na nyumba yake, na kwa mwendo huohuo.

Safari ni ya Baba. Alizaliwa Uheheni mwaka 1948, akaondoka kijana kwenda kufanya kazi TAZARA, akaoa Dar na kutuzaa huko. Mwaka 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliporudishwa kutoka Ujerumani hadi Kalenga, iliyokuwa ngome yake, babu yake Baba alijitwika blanketi akaenda kwa miguu kulipokea. Baba, mtoto wa miaka 6, alilia kutaka kumfuata. Aliambiwa miguu yake bado mifupi. Tangu hapo amefika Iringa mara nyingi kwa misiba na harusi, ila Kalenga hajawahi kukanyaga. Mwaka huu alisema, "Nipelekeni sasa, miguu isije ikawa mifupi tena."

Basi tukaenda. Morogoro tulipita bila kusimama zaidi ya kununua ndizi. Barabara inapoingia Hifadhi ya Mikumi hukata katikati ya mbuga kwa kilomita kama 50, na kando yake yamesimamishwa mabango ya faini kwa anayemgonga mnyama. Tuliona twiga watatu na kundi la pundamilia karibu kabisa na lami. Usiku tulilala Mikumi mjini, madirisha wazi, feni zikizunguka.

SIKU YA PILI: Mikumi – Iringa

Baada ya Mikumi milima inasogea. Mto Ruaha Mkuu unakuja kutembea sambamba na barabara, kisha unaingia Bonde la Mibuyu, mibuyu ukiangalia kushoto, mibuyu ukiangalia kulia, maelfu, mingine mipana kuliko Kobe. Ruaha Mbuyuni tulinunua kiroba cha vitunguu. Huwezi kupita pale bila vitunguu. Harufu yenyewe inakushusha garini.

Halafu Kitonga. Asiyepajua, Kitonga ni mlima ambao barabara inaupanda kwa kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili, malori yakijikokota kwa gia namba moja. Tukiwa katikati ya mlima, mshale wa joto ulianza kupanda. Mume wangu akazima, nikaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Tulimlipa fundi Dar abadilishe mipira yote kabla ya safari. Alichokifanya ni kuupaka ule wa zamani rangi nyeusi ukang'aa. Niliona uchungu, kwa sababu mtu huyo alijua ni maisha ya nani yatapakiwa kwenye gari lile.

Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka na kipande cha mpira na klipu mbili, akakaa chini na mume wangu saa nzima, akakataa pesa. Alikubali vitunguu. Baba wakati wote huo alikuwa amekaa juu ya jiwe akiwatazama nyani, akisema hewa imeshabadilika, tumeshafika kwao.

Kabla ya kuingia mjini, kama kilomita 20 hivi, tulisimama Lugalo. Kando ya barabara kuna mnara wa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa hapo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani na bara walimwita Nyundo kwa ukatili wake. Alikuja na msafara mrefu wa askari, wapagazi na mizinga, wamejipanga mstari mmoja kwenye njia nyembamba, bila kutanguliza wapelelezi wa maana. Wahehe walikuwa wamelala kwenye vichaka na mawe. Walipoinuka, mambo yalikwisha kwa muda mfupi mno. Nyundo alikufa kwa mkuki, na simulizi za huku husema aliyemchoma alikuwa kijana mdogo tu. Bunduki kama 300 na mizinga ikabaki mikononi mwa Wahehe.

Kijana wetu alitaka kujua kijana mdogo ni wa miaka mingapi. Baba akamwambia, "Mkubwa kwako kidogo." Akanyamaza mpaka Iringa.

Nilizunguka ule mnara nikitafuta neno moja juu ya Wahehe waliokufa siku ileile. Na wao walikufa, tena si wachache. Jambo hilo lilinikaa kifuani, na ndilo nililoingia nalo kwenye makumbusho kesho yake.

SIKU YA TATU: Kalenga, Boma, Isimila

Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni si mchezo. Kioo cha Kobe kilikuwa na ukungu ndani. Nilipika chai ya tangawizi nzito, tukaifuata na viazi vya kuchemsha, na saa mbili na nusu tukawa tumeshatoka kwenye uwanja wa kambi. Nilipanga siku hii mwenyewe: Kalenga kwanza, Baba akiwa na nguvu, Boma mchana, Isimila jua likiwa limeinama. Nashukuru nilipanga hivyo.

Kalenga ni kilomita kama 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ukifika hutaona ngome. Kalenga ya Mkwawa ilizungushiwa ukuta mrefu wa mawe na udongo, na hiyo ngome, lilinga kwa Kihehe, ndiyo iliyozaa jina la Iringa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi kulipiza Lugalo, safari hii na Gavana von Schele mwenyewe, wakaipiga kwa mizinga na kuiingia. Mkwawa akatoka akaingia porini, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne. Aliwekewa zawadi ya rupia 5,000 kichwani. Hakuna aliyempeleka. Tarehe 19 Julai 1898, askari wakiwa karibu kumfikia, alijipiga risasi mwenyewe. Wakakikata kichwa.

Makumbusho ni jengo dogo, la chumba kimoja hasa. Mikuki, ngao, bunduki, rungu, picha za ukoo. Katikati, ndani ya sanduku la kioo, liko fuvu.

Ni dogo. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, na sijui kwa nini nilitegemea kubwa. Rangi yake ni ya kahawia iliyofifia, kama karatasi iliyokaa miaka mingi kwenye kabati. Kwenye kioo niliona uso wa Baba umeangukia juu yake, macho yake mahali pa macho. Alivua kofia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemsalimu mzee kibarazani, "Kamwene, Mtwa." Mwongozaji, kijana wa makamo, akainamisha kichwa, akaacha kueleza.

Alipoendelea, alieleza vizuri, na mengine nilikuwa nayajua nusunusu. Wajerumani waliposhindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwekewa kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi 6. Kifungu hichohicho kinadai pia msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina. Hebu fikiria: mkataba uliogawa dunia, na ndani yake mstari mmoja kuhusu mtu wa Kalenga. Miezi 6 ikapita, ikapita miaka zaidi ya 30. Wajerumani walisema hawajui liliko. Ni Gavana Mwingereza, Edward Twining, aliyekwenda mwaka 1953 kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000 kwenye rafu, 84 kati yake kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Walilinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai, wakabakiza machache, na kati ya hayo wakachukua lenye tundu la risasi. Mwaka uliofuata likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Wapo wanaouliza kama kweli ni lake, kwa kuwa lilichaguliwa kwa rula. Nilimuuliza Baba tukiwa nje, tumekaa kwenye kivuli karibu na makaburi ya ukoo. Hakukasirika. Alisema, "Na yale mengine 83 yalikuwa ya nani? Kila moja lina mtu wake anayelingoja." Sikuwahi kuliwaza swali kutoka upande huo. Tunabishana juu ya fuvu moja, na yale mengine hatuyataji hata kwa hesabu.

Halafu akanisimulia kitu ambacho kwa miaka yangu 46 sikuwahi kukisikia. Babu yake aliporudi kutoka Kalenga mwaka 1954, watu walimkusanyikia kutaka habari. Hakula, hakusema. Usiku sana, mbele ya moto, alitoa sentensi moja: "Karudi, lakini bado hajafika." Baba hakuielewa. Hakuna aliyemwuliza mzee maana yake, na mzee alikufa nayo.

Boma tulifika saa saba. Liko katikati ya mji, jengo la Wajerumani la 1914, kuta nene, paa la vigae. Zamani ofisi za serikali, makumbusho tangu 2016. Pamepangwa vizuri, maelezo ni ya Kiswahili na Kiingereza, na mtu anaweza kukaa hapo saa mbili bila kuchoka. Tulikula wali na njegere kwanza, kisha tukaingia. Sitaorodhesha kila chumba. Nitasema juu ya vitu viwili.

Cha kwanza ni vikapu vya milulu. Mlulu ni nyasi ngumu inayoota kwenye maeneo yenye maji, na wanawake wa huku huisuka kikapu kilichobana kiasi kwamba mtama haupiti. Niliinama kukitazama kimoja cha zamani. Kwenye ukingo, mahali msukaji alipofungia, nyasi zilikuwa zimelainika na kung'aa, pamekuwa peusi kidogo kwa mafuta ya mikono. Mkono mmoja, mahali palepale, miaka na miaka. Bibi yangu alikuwa na kikapu kama hicho na alikishika hivyohivyo, kidole gumba ndani. Niliuweka mkono wangu hewani juu yake, nikaona ungekaa.

Cha pili ni kipande cha mwanzi. Baba alikiona kabla yetu, akacheka. "Mbeta!" Ni chombo cha kugemea ulanzi, pombe ya mwanzi. Mhudumu wa makumbusho, binti mdogo, alikuwa anajua kuwa ni cha ulanzi na basi. Baba akamwelekeza: masika, mwanzi mchanga ukichomoza unaukata ncha, unaining'iniza mbeta chini yake, na kila asubuhi na jioni unakata tena kipande chembamba kama ukucha, la sivyo unaziba. Alionyesha pembe ya kisu kwa kiganja chake. Akamwambia ulanzi hunywewa asubuhi ukiwa mtamu hata na watoto, na ukikaa siku mbili unakuwa wa wazee. Akamweleza na mdomo wa ile mbeta: umechongwa mshazari upande mmoja, maana yake mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Yule binti akaenda kuchukua daftari. Akaandika yote, akauliza tahajia ya maneno ya Kihehe, akarudia kusoma ili Baba asahihishe. Baba alisimama wima kama yuko kwenye usaili.

Nimetembelea makumbusho makubwa, ya Dar na ya Nairobi, na nayapenda. Lakini hapa niliona kazi ya makumbusho inavyopaswa kwenda: kitu kimekutana na mtu wake, na aliyekitunza akashika kalamu. Ningeomba kila mwenye mzee nyumbani ampeleke mahali kama hapa angali na sauti. Wazee wetu hawajui kwamba wanayoyajua yanatakiwa. Hatujawaambia.

Saa tisa na nusu tukashika barabara ya Mbeya hadi Isimila, kilomita 20 hivi. Kibanda cha makumbusho, halafu unashuka korongoni na mwongozaji.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka miaka 70, tukaenda 130, na sasa tukarukia zaidi ya 200,000. Kichwa kinahitaji dakika chache kuzoea. Zamani hizo hapa palikuwa na ziwa la kina kifupi, watu wakija kando yake kuchinja na kuchuna, na mawe waliyoyachonga wakiyaacha hapohapo. Ziwa likakauka, matope yakayafunika, kisha kijito kikaja kulikata lile tabaka na kuyaanika tena. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, aliyaokota akayapeleka kwao, wataalamu wakashtuka. Uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958.

Mwongozaji alimpa kijana wetu shoka moja la mkononi alishike. Hapa tulikaa muda mrefu. Ni jiwe la umbo la tone la maji, zito kama mchi mdogo, limechongwa pande zote mbili hadi kukutana kwenye makali. Upande mmoja lina bonde dogo. Kijana alilizungushazungusha, halafu kidole chake gumba kikaingia kwenye lile bonde chenyewe, vidole vingine vikajifunga, na jiwe likatulia. "Mama, linakaa!" Nikamwambia abadilishe mkono. La kushoto halikukaa. Baba akasema kwa taratibu, "Huyu alikuwa wa kulia. Yule wa mbeta wa kushoto."

Walisema pia walipata mifupa ya kiboko wa kale, jamii iliyokwisha duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu kabisa ya kichwa ili aone akiwa amezama. Kijana aliandika hilo kwenye daftari lake akachora na picha.

Nguzo tulizifikia saa kumi na moja. Zimesimama ndani ya bonde kama watu waliojipanga, udongo wa rangi ya kutu na kijivu, zinazidi kimo cha nyumba ya ghorofa. Maji na upepo vimeula udongo laini pembeni; palipo na kofia ya tabaka gumu juu, udongo wa chini ukasalimika. Baba hakushuka hadi chini, magoti yalishakataa. Alibaki kwenye ukingo, na kutoka bondeni nilimwona amesimama kati ya nguzo mbili, kofia kichwani, jua likiwa nyuma yake.

Usiku tulikaanga vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na mayai. Baridi ilikuwa kali, tukafunga pazia zote za Kobe, gesi ikatupasha joto. Kila mtu alikuwa na lake. Nilipodhani Baba amelala, alisema gizani: "Mwili uko wapi?"

Nikamwambia, Mlambalasi.

"Mbali?"

"Ukipita Kalenga, unaendelea. Kutoka mjini inafika kilomita 50."

Nilisikia kitanda kikilia, amejigeuza. Mpango wa asubuhi ulikuwa Mbeya. Mume wangu akasema kutoka upande wake, "Mbeya haihami, Baba."

SIKU YA NNE: Mlambalasi

Njia ya vumbi. Kobe alitikisika mpaka vikombe vikashuka kabatini. Tulipopita kibao cha Kalenga, Baba alimwambia mjukuu wake asogee mbele asome namba za kilomita kwenye dashibodi na azishike kichwani.

Mlambalasi ni kilima cha majabali, na kuna pango ambamo wanaakiolojia nao wamechimba wakakuta watu wameishi na kuzikana humo tangu kale sana. Kaburi la Mkwawa liko hapo, limejengewa. Hakuna kioo, hakuna chumba. Upepo, nyasi kavu, ndege. Hapa ndipo alipofia na hapa ndipo ulipozikwa mwili, bila kichwa.

Baba alikaa juu ya jiwe karibu na kaburi. Hakusalimia kwa sauti safari hii. Baada ya muda akamwita kijana.

"Kutoka kule tulikomwona jana mpaka hapa, kilomita ngapi?"

"Thelathini na sita, Babu."

Akazirudia kwa Kihehe, polepole, kama anayemhesabia mtu mwingine. Kisha akaomba maji, tukampa, akamwaga kidogo chini kabla ya kunywa.